Staftahi ya kesho Mkunazini, Mji Mkongwe Unguja

Asalaam aleikum jamani. Kesho Jumapili tukutane Darajani, mbele ya soko, saa 12 na nusu asubuhi, kisha tuingie Mkunazini pamoja. Ikifika saa 1 foleni imeshajaa kichochoroni, na mbaazi za nazi ndizo zinazoisha mwanzo. Chapati zisubirini za moto, zile zinazobanduka tabaka tabaka na samli bado inachuruzika. Mkiharakishwa mkapewa zilizopoa, kataeni. Supu mimi siisifu.

Kuwekeana nafasi hakuna. Muuzaji mwenyewe mkali, atakurudisha nyuma mbele za watu (wapo humu wanajijua). Njooni na chenji, pesa za simu hapokei. Mwenye vespa aiache barabarani.

Anayekuja aandike jina hapa kabla ya Isha.