Mzinga wa manowari haupimwi kwa upana wa mdomo

Mhariri,

Picha ya KNS Nyayo au KNS Umoja, meli za Jeshi la Majini la Kenya, ikitoka gazetini, hakosi msomaji wa kuuliza mbona meli ya kivita imebebeshwa mzinga mmoja tu, tena mwembamba, pale omoni. Swali si la kipuuzi, ila anayeuliza anapima mdomo wa mtutu na kuacha yaliyo nyuma yake.

Aende kwanza Fort Jesus, Mombasa. Ipo pale mizinga miwili ya Vita vya Kwanza vya Dunia: mmoja wa manowari ya Kiingereza Pegasus, wa inchi 4, yaani milimita 102 hivi, mwingine wa Königsberg ya Wajerumani, wa milimita 105. Kwa midomo yao, ni kama ndugu. Lakini Septemba 20, 1914, Pegasus ikiwa imetia nanga Unguja kwa matengenezo ya mitambo, Königsberg iliipiga kutoka mbali, na majibu ya Pegasus yakawa yanaangukia majini kabla ya kufika. Mzinga wa Mjerumani uliweza kuinuliwa hadi nyuzi 30, na kichwa cha risasi yake kilikuwa na kilo 16 au zaidi, cha Mwingereza kilo 11 na kidogo. Kichwa kizito hakipotezi kasi upesi hewani. Ule wa Königsberg ulifika kilomita 12.

Mizinga yote miwili, hata hivyo, ililishwa kwa mikono. Mtu anabeba risasi, mwingine anaisukuma ndani, mwingine anafunga, na mlenga shabaha anasubiri meli itulie. Hata kwa kikosi hodari kinachotoa risasi 15 kwa dakika, ni kilo 240 za chuma kwa dakika. Katika chombo kidogo kinachokwenda mrama, kasi hiyo inashuka sana. Mmojawapo wa mizinga ya Königsberg ulifungwa kwenye Goetzen huko Ziwa Tanganyika, meli ambayo leo tunaiita Liemba, na tabu ilikuwa ile ile: shabaha ilitegemea misuli ya watu na utulivu wa sitaha.

Sasa tuje kwenye mzinga wa Nyayo. Ni milimita 76, umbo liitwalo Compact, la kiwanda cha OTO Melara cha La Spezia, Italia, kazi iliyoanza miaka ya 1960. Mtutu una urefu wa mara 62 ya upana wa mdomo wake, yaani mita 4.7. Kuba lake, yaani kifuniko cha mzinga juu ya sitaha, ni la faiba, si la chuma, na ndiyo sababu mzinga mzima bila risasi hauzidi sana tani 7 na nusu. Ndani ya kuba hakuna mtu. Chini ya sitaha kuna pete mbili za chuma, moja ndani ya nyingine, zenye risasi 80 zilizosimama wima. Mota ya haidroli inazungusha pete. Risasi inaingia kwenye parafujo kubwa ya katikati na kupandishwa nayo. Juu inapokelewa na mikono miwili ya chuma inayopokezana, mmoja ukipanda mwingine unashuka. Kisha inasukumwa ndani ya mtutu na kupigwa. Ganda tupu linatupwa nje kwa mbele, chini ya mtutu. Yote hayo mara 85 kwa dakika. Kichwa cha risasi ni kilo 6.3, kwa hiyo kwa dakika unarusha kilo 535.

Linganisha na mzinga wa Kiingereza wa milimita 114, Mark 8, uliofungwa kwenye manowari kubwa zaidi. Kichwa chake kina kilo 21, risasi 25 kwa dakika: kilo 525. Uzito wa mzinga wenyewe ni kama tani 26. Chukua na Bofors ya Uswidi ya milimita 57, kichwa cha kilo 2.4, risasi 220 kwa dakika: kilo 528. Mizinga mitatu, uzito karibu ule ule wa chuma hewani. Tofauti ni namna ulivyogawanywa. Wa 114 unafika kilomita 22 na unabomoa vizuri zaidi nchi kavu. Wa 57 unamwaga vipande vingi vidogo mbele ya kitu kinachokuja kwa kasi. Wa 76 umekaa katikati, na kwa meli ya mita 57 yenye tani 400 na kitu, tani 26 juu ya omo ni ndoto.

Kasi hiyo ina bei yake. Risasi 80 kwa mwendo wa 85 hazimalizi dakika. Wapakiaji wawili walio chini wanabeba risasi nzima za kilo 12 na ushee, kwa mkono, na hakuna binadamu anayeweza kwenda sambamba na ile parafujo. Ndiyo maana hupigwa chache chache, kisha pete zijazwe. Risasi ikigoma ndani ya mtutu uliokwisha kupata moto, hapo ni hatari: joto linaweza kuiwasha yenyewe. Mlango wa nyuma wa mtutu haufunguliwi kwa haraka; mtutu hupozwa kwa maji na watu hukaa mbali. Haidroli ikivuja, mikono inachelewa kupokezana na mlolongo wote unasimama. Kisha kuna fyuzi ya ukaribu, kiwashio kinacholipua risasi ikikaribia shabaha, bila kuigusa. Shabaha ikiruka mita chache tu juu ya bahari, wimbi nalo linahisiwa kama shabaha, na risasi inapasukia njiani. Kazi kubwa ya miongo iliyofuata ilikuwa humo kwenye fyuzi na rada, pamoja na kuupandisha ule wa 76 hadi risasi 120 kwa dakika.

Wapo wanaosema Nyayo na Umoja zilijengwa na makombora ya Otomat ya kuzamisha meli, basi mzinga ni pambo. Meli ya doria ikikuta jahazi lisilotaka kusimama, nahodha anapiga risasi moja majini, mbele ya omo la jahazi, na kungoja. Kwa Otomat hawezi kufanya hivyo.

Msomaji,
Mombasa