Watoto wa Pwani nao wapandishwe mlima wakaione barafu

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua. Kila muhula ukikaribia kuisha mabasi ya skuli za bara yanapanga foleni pale Fort Jesus, watoto wameletwa kuiona bahari, wengine ndio mara yao ya kwanza, utawaona wanaingia majini na sare zao viatu wamevishika mkononi wanapiga mayowe, na mimi huwapenda sana nikiwaona vile. Sasa nauliza wazazi na walimu wa hapa Mombasa, wa kwetu sisi tunawapeleka wapi? Haller Park kuona wanyama, Fort Jesus tena, basi. Mlima wenye barafu uko ndani ya nchi yetu wenyewe, na mtoto wa Likoni anamaliza skuli hajauona hata kwa mbali.

Mimi nauza samaki. Barafu nainunua kila alfajiri, naivunja kwa nyundo, naipanga juu ya changu na tafi, kwa hivyo naijua. Lakini wanangu barafu waliyoijua ni ile ya ukwaju ya kufyonza kwenye mfuko. Mwaka 2009 wifi yangu aliyeolewa Nanyuki akatuita, akasema njooni mpande Mlima Kenya na sisi, tukaenda mimi na mume wangu na ndugu yangu na marafiki wawili wa mtaani. Majaketi tulinunua Kongowea kwenye mitumba, na hili nataka watu walijue manake wengi huogopa gharama, yale majaketi mazito na glovu za sufu hapa hakuna anayezitaka kwa hili joto letu, kwa hivyo mwenye mali anakuachia kwa bei ya chini sana.

Tulipita njia ya Naro Moru, tukalala kambi ya Met Station mita 3050, kesho yake tukavuka lile tope refu la mlimani mpaka kambi ya Mackinder's mita 4200, halafu usiku wa manane tukaianza safari ya kilele cha Lenana chenye mita 4985. Pembeni ya njia ndipo lilipo lile bonge la barafu la mlimani liitwalo Lewis. Tulipotoka juu jua lishachomoza kiongozi wetu akatufunga kramponi kwenye viatu, yale meno ya chuma, akanipa shoka la barafu kila mkono, akanionyesha ukuta mdogo tu, urefu wake kama nyumba ya ghorofa moja, akaniambia mama panda. Wallahi sijawahi kusikia kitu kama kile. Unapiga shoka, unasikiliza. Likiingia vizuri mlio wake ni mzito kama umepiga gogo, likiwa halijashika barafu inalia kama sahani na inabanduka vipande bapa, na mimi hiyo naijua kutoka sokoni, ukiipiga barafu ukingoni inapasuka hivyo hivyo. Kisigino unakishusha chini, usisimame kwa vidole, manake ukisimama kwa vidole mguu unatetemeka na meno yanachomoka. Chini alikuwa mume wangu ameishika kamba. Tumeoana miaka mingi, tumelea watoto, tumezika wazazi wa pande zote mbili, lakini kule juu nilimwamini kwa namna nyingine kabisa, kila nikipanda hatua moja naisikia kamba inakazwa, hasemi neno, anakaza tu.

Mwaka 2019 nikarudi na binti yangu wa miaka 15 na ndugu yangu na mwanawe wa kiume wa miaka 13, nikiwa na hamu nimwonyeshe binti yangu ule ukuta. Haupo. Ni mawe na maji machafu yanachirizika, barafu iliyobaki imerudi nyuma huko na imejaa vumbi. Nilikaa juu ya jiwe nikalia na sioni haya kusema. Wataalamu walioipima Lewis wanasema kati ya 1934 na 2010 ilipoteza karibu asilimia 90 ya ujazo wake, na UNESCO mwaka 2022 ilitoa ripoti kwamba barafu ya Mlima Kenya na Kilimanjaro zinatarajiwa kwisha kufikia 2050. Hata ule mfereji wa barafu maarufu unaoitwa Diamond Couloir, uliopandwa mara ya kwanza 1973 na Phil Snyder na Mkenya mwenzetu Thumbi Mathenge, barafu yake ya chini imekwenda, haupandiki tena kama zamani. Binti yangu angalau kaiona iliyobaki. Watoto wake sijui.

Nikiyasema haya barazani naambiwa theluji ni mambo ya wazungu. Hapana jamani. Mwaka 1848 mmisionari Mjerumani Rebmann alitoka hapa Rabai akaiona theluji ya Kilimanjaro, na aliyekuwa akimwongoza ni Mswahili, Bwana Kheri, aliyekuwa akizijua njia za bara, naye alipoulizwa kile cheupe ni nini alijibu ni baridi. Wakubwa wa Ulaya wakakataa katakata, wakasema theluji haiwezi kukaa karibu na ikweta, na huku mtu wa kwetu ashaitaja! Na skii je, yaani kuteleza kwenye theluji? Philip Boit, mkimbiaji wa Bonde la Ufa, alikwenda Olimpiki ya baridi ya Nagano, Japani, 1998 akashindana kilomita 10, akamaliza wa mwisho, na bingwa Bjørn Dæhlie alimngoja kwenye mstari akamkumbatia, mpaka Boit akampa mwanawe jina la Dæhlie. Sabrina Simader aliyeiwakilisha Kenya kwenye skii ya mteremko kule Pyeongchang 2018, mwanamke wa kwanza wa Kenya kwenye Olimpiki ya baridi, kazaliwa Kilifi. Kilifi hii hii ya kupanda matatu. Alipelekwa Austria mdogo ndio akajifunza, lakini damu ni ya hapa, na mwaka ule niliwauliza wateja wangu sokoni siku nzima, aliyemjua alikuwa mmoja.

Jambo moja wazazi mlishike. Sisi tunatoka usawa wa bahari, kule hewa ni nyepesi, hatuwezi kukimbilia juu. Ile safari ya 2019 wakala mmoja wa mjini alituuzia siku tatu, akasema zinatosha hata kwa watoto, na yule kijana wetu kufika Mackinder's kichwa kinampasuka, anatapika, hata chai haikai tumboni. Kiongozi wa mlima hakungoja asubuhi, akamshusha usiku ule ule na tochi, ndugu yangu nyuma yake, na walipofika Met Station mtoto akaomba ugali. Basi laleni Nanyuki kwanza siku mbili, mlimani chukueni siku tano, pole pole kama viongozi wanavyosema kutwa, na mtoto akilalamika kichwa msimpandishe hatua nyingine. Na wa skuli si lazima wafike Lenana. Met Station inatosha, wapigwe na baridi, na popote njiani mlima unapoonekana asubuhi mawingu hayajapanda watazame juu waione ile nyeupe kwa macho yao.

Gazeti lako nalo, Bwana Mhariri, naomba ukurasa wa michezo uwe unawakumbuka wanaopanda mlima na wanaoteleza kwenye theluji. Na mwalimu yeyote wa Likoni, Kisauni, Changamwe, popote, akitaka kupeleka watoto, mimi nina majaketi 11 na glovu kwenye gunia, nimeyatia nafthalini yasiliwe na wadudu, aje sokoni kwa samaki Mji wa Kale asubuhi kabla ya saa nne aulize, achukue, akirudi ayafue tu anirudishie.

Mama muuza samaki,
Mji wa Kale, Mombasa