Sketi ya neti naishona mwenyewe

Ndugu Mhariri,

Ukurasa wenu wa mitindo wa Jumamosi iliyopita ulikuwa na picha ya sketi ya neti, ile ya marinda mengi iliyofura kama mwavuli. Chini yake mkaandika kwamba vazi hilo ni la wenye uwezo na linataka fundi bingwa. Nimesoma hayo huku yangu ikiwa imetundikwa nyuma ya mlango, na niliyeishona ni mimi, muuza vitumbua wa Tandika.

Chanzo ni kicheni pati ya mtoto wa dada yangu. Kamati ilipitisha kwamba akina mama tuvae sketi za neti rangi ya pichi, ikatuchagulia na fundi kabisa: shilingi 75,000 kwa sketi moja, hela mbele. Mwenyekiti wa kamati ni wifi yangu. Nikamwambia, "Wifi, rangi nitaifuata, fundi simfuati." Alininunia wiki nzima.

Nikashuka Kariakoo. Mita 6 za neti kwa 3,000 kila mita, mita 1 ya satini ya bitana, yaani kitambaa cha ndani, 4,000, lastiki ya upana wa inchi 2 kwa 1,500, na uzi 500. Jumla 24,000. Muuzaji wa kwanza alitaka kunipa neti ngumu, ile ya kufungia zawadi na kupambia ukumbi. Ipitishe shavuni kabla hujatoa hela. Ikikukwaruza shavu, mapajani itakutesa mpaka bibi harusi mtarajiwa aone unavyojikuna.

Neti yangu ilikuwa na upana wa inchi 60 hivi. Niliikunja katikati kwa urefu wake, nikakata kwenye mkunjo, kisha kila kipande nikakigawa mara mbili. Yakapatikana matabaka manne ya mita 3 kila moja, yenye inchi 30 kwenda chini. Neti haichomoki nyuzi, kwa hiyo haitaki pindo. Mkasi mkali tu. Satini ndiyo niliyoipinda.

Marinda ndiyo yaliyonitoa jasho. Unashona mistari miwili kwa hatua ndefu kabisa ya cherehani, halafu unavuta uzi wa chini taratibu, huku unasukuma neti kwa vidole isijazane upande mmoja. Nikavuta mpaka ikafika inchi 34, kiuno changu, nikabana na lastiki juu yake, nikajiona fundi. Saa sita usiku naijaribu: imekwama nyongani, haipandi wala haishuki! Nyonga zangu ni inchi 44, na sketi haina zipu. Nikakaa kitako, nikanywa chai, nikaanza kufumua. Baba Rehema akatoka chumbani, akaangalia lile rundo sakafuni, akauliza, "Mama Rehema, umekata chandarua?" Sikumjibu.

Sasa sikilizeni, wenye kutaka kujaribu. Marinda yafuate nyonga, si kiuno. Mimi ya mara ya pili niliyaacha inchi 46. Lastiki ndiyo nikaikata inchi 31, nikaigawa robo nne kwa pini, sketi nayo robo nne, kisha wakati wa kushona nikawa naivuta lastiki ilingane na neti. Ukiiachia inajirudi yenyewe na kukaa kiunoni.

Na pasi iogopeni. Neti hizi ni nailoni, zinayeyuka. Kipande cha ukubwa wa kiganja kiliniungulia, bahati ni tabaka la ndani. Tandika kanga juu yake, moto uwe mdogo.

Hilo la wenye uwezo lilikuwa kweli zamani. Wazungu huiita tulle, jina la mji wa Ufaransa, na enzi hizo neti nzuri ilifumwa kwa mkono, tundu kwa tundu. Mwingereza John Heathcoat akapata hataza, yaani haki za mvumbuzi, za mashine ya kuifuma mwaka 1808 na 1809, bei ikaanza kushuka. Leo inauzwa kwa mita pembeni ya vitenge, nyinyi bado mnaiandika kama ya malkia.

Siku ya shughuli, saa nane mchana, wenzangu watatu walikuwa bado wanampigia fundi simu. Anawajibu, "Nipo kwenye lastiki, dada." Wawili walivaa dera.

Ombi langu, mhariri: mkichapa picha ya vazi, chapeni na vipimo vyake na mita za kitambaa. Na picha moja iwe ya nyuma, tuone mshono umekaaje.

Mama Rehema,
Tandika, Dar es Salaam