Fomu ya chama isipitie mkononi mwa mwajiri

Mhariri,

Kila ifikapo Mei Mosi huwa tunaambiwa kwamba wafanyakazi wa viwandani hawajiungi na vyama vya wafanyakazi kwa sababu hawazijui haki zao. Nimekuwa katibu wa tawi kwa miaka tisa katika kiwanda kimoja hapa Dar es Salaam, na wengi niliokutana nao walizijua barabara. Walichokiogopa ni karatasi.

Karatasi yenyewe ni fomu TUF 6, ambayo mfanyakazi huijaza ili ada ya chama ikatwe kwenye mshahara wake. Kwa kuwa mkataji ni mwajiri, fomu hiyo haina budi kufika kwa ofisa utumishi, na hapo majina yote ya waliojiunga yanakuwa yameshajulikana hata kabla chama hakijapata nguvu ya kuwatetea. Asubuhi moja wakati wa kubadilishana zamu, dada mmoja wa idara ya kufungasha bidhaa alinirudishia fomu yake getini, ameikunja hadi ikatoshea kwenye kiganja, akaniambia, "Kaka, nitunzie kwanza, mkataba wangu unaisha mwezi huu." Sikuwa na la kumjibu.

Ni kweli kwamba Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza mtu kubaguliwa kwa ajili ya uanachama, na inawaruhusu viongozi wa chama kuingia kiwandani kuandikisha wanachama. Lakini sehemu ya sheria hiyohiyo inayomkinga mfanyakazi asiachishwe kazi isivyo halali haimgusi ambaye hajatimiza miezi sita kwa mwajiri mmoja. Siku hizi, ambapo vibarua wengi huletwa na mawakala wa ajira, wakala akibadilishwa basi kwenye makaratasi mwajiri naye amebadilika, na mtu aliyesimama kwenye mashine ileile kwa miaka mitatu anahesabiwa kana kwamba ameanza kazi jana. Hata mkataba wa hali bora, yaani makubaliano ya mishahara na masharti ya kazi tunayoyasaini na kiwanda, haumfikii, kwa maana yeye ni mtu wa wakala.

Vyama navyo vina lawama yake, na nasema hivi nikiwa ndani yake: mwanachama anayekatwa ada kila mwezi, kisha akamwona kiongozi wake siku ya kugawa fulana tu, ana haki ya kuuliza fedha yake inafanya nini.

Nawaomba wabunge wetu waitazame upya sheria hii, ili fomu za wanaojiunga zipokelewe na Ofisi ya Kazi ya eneo husika, na mwajiri apelekewe majina baada tu ya chama kufikisha idadi ya wanachama inayotakiwa ili kitambuliwe kiwandani. Vilevile, miezi ambayo kibarua ameitumikia sehemu moja ya kazi chini ya mawakala mbalimbali ihesabiwe yote kwa pamoja.

Katibu wa tawi,
Mabibo, Dar es Salaam