Matuta yapakwe rangi, watoto wapewe njia

Mhariri,

Watu hunipa pole wakisikia kwamba nalala Malindi na kazi yangu iko Kilifi. Mwenzangu mmoja alifika hadi kunitafutia nyumba Tezo ili nipumzike na adha ya njia. Namshukuru kwa moyo wake, ila mimi safari ile naipenda. Ndiyo maana naandika, kwani yapo mambo mawili yanayoiharibu, na yote mawili yanarekebishika.

Tuko wengi tunaoitegemea barabara hii kila siku. Makao makuu ya kaunti yako Kilifi, bunge la kaunti liko Malindi, kwa hivyo asubuhi kuna wanaoshuka na wanaopanda, tukipishana katika kilomita zile takriban 60. Sisi tunaoshuka Kilifi tumejaliwa. Asubuhi jua liko kushoto, upande wa bahari. Jioni tukirudi liko kushoto tena, upande wa msitu, na dereva hukaa kulia. Wenzetu wanaotoka Kilifi kuja Malindi huwapiga upande wao kwenda na kurudi.

Ukishaipita Gede, mkono wa kulia ni msitu wa Arabuko Sokoke, zaidi ya kilomita 400 za mraba, na ndovu wangali humo. Hapo mimi huzima kiyoyozi nikafungua dirisha. Hewa ya msitu asubuhi ina ubaridi na harufu ya majani mabichi, hondohondo wanaitana juu ya miti, nyani wameketi kando ya lami. (Nyani hao, jamani, tusiwatupie mkate wala maganda ya ndizi. Aliyezoea kulishwa barabarani hufia barabarani.) Msimu wa embe ukifika, jioni hatupiti kituo bila kusimama, na gari zima hunukia mpaka nyumbani.

Siendeshi peke yangu. Tunachangia mafuta, na kila tarehe 14 bei mpya zikitangazwa mjadala hauishi kabla ya Matsangoni. Lakini kinachonifurahisha zaidi ni mazungumzo mengine, yale ya mtoto aliyekataa shule, ya mzee anayeugua, ya posa inayosubiri jibu. Yako mambo mtu hawezi kuyasema ofisini wala mbele ya watu wa nyumbani, akayasema garini kwa sababu wote mnaangalia mbele.

Sasa matuta. Siyapingi. Sheria inasema katika vituo vya biashara mwendo usizidi kilomita 50 kwa saa, na bila tuta wengi wetu hatungeitii. Ninacholalamikia ni tuta lililofutika rangi na ambalo kibao chake kimeng'oka. Wakati wa magharibi, malori ya chumvi kutoka Gongoni na Marereni yakija mbele yako na taa zote, tuta la namna hiyo halionekani kabisa. Mgeni hulirukia kwa kasi. Mwenyeji hulikumbuka dakika ya mwisho, akakanyaga breki, na aliye nyuma yake akamvaa. Ikiwa aliye nyuma ni bodaboda aliyempakia mama na mtoto, hana chuma chochote cha kumkinga. Nimeona ajali za aina hii, na kila mara watu husema ni mwendo kasi, kisha tuta linaachwa vilevile.

La pili linaniuma zaidi. Watoto wa shule kuanzia Mida kuendelea chini hutembea juu ya lami yenyewe, kwa kuwa pembeni hapatembeki. Ukingo umemegeka, na mvua ikinyesha pale chini huwa dimbwi. Mwenye baiskeli naye yuko hapohapo. Halafu hutokea matatu yenye haraka, ikaacha foleni na kupita kushoto, kwenye vumbi, palepale mtoto alipokimbilia ili aokoke. Madereva wa magari madogo pia tunafanya hivyo, tusiwasingizie wa matatu peke yao.

Nimesikia mengi kuhusu kupanua barabara hii, na ikipanuliwa nitafurahi. Lakini rangi haihitaji kungoja upanuzi. Wahusika wa barabara wayapake matuta yote kutoka Msabaha hadi Tezo kabla ya masika na warudishe vibao. Njia ya miguu ianzie karibu na shule, hata iwe ya changarawe iliyoshindiliwa, mradi iwe juu ya maji na mbali na magurudumu. Na polisi wa trafiki wanaosimama vituoni asubuhi wasogee kidogo hadi pale magari yanapopita kushoto, saa moja watoto wanapokwenda shule.

Mkazi wa Shela,
Malindi