Ujumbe wa SS7 hausomeki kwenye Wireshark? Anzia chini

Malalamiko tunayoyapokea kutoka kwa kampuni za USSD (menyu za simu kama *150) na SMS hufanana: trafiki ya SS7, yaani ishara ambazo mitandao ya simu hutumiana, imenaswa, faili limejaa, lakini Wireshark, programu ya kusoma trafiki iliyonaswa, inaonyesha baiti zisizotafsiriwa mahali palipotakiwa kuwa na namba ya mteja na menyu aliyoichagua. Wengi hudhani programu ni mbovu au faili limeharibika. Mara nyingi vyote viwili ni vizima.

SS7 ilisanifiwa mwaka 1980, na hadi leo mtu akibonyeza *150 alipe kwa simu, kwa kawaida ombi lake hubebwa na MAP (lugha ya huduma za simu za mkononi) ndani ya TCAP (inayosimamia mazungumzo), TCAP ndani ya SCCP (inayoshughulikia anwani), na yote yakasafiri juu ya IP kwa M3UA (inayobeba SS7 kwenye IP) na SCTP (inayoisafirisha M3UA). Kila moja ya hizi ni tabaka, na kila tabaka ndilo linaloitajia Wireshark tabaka linalofuata juu yake. Likisomwa vibaya moja, ya juu yake yote yanapotea. Ndiyo maana sisi hatugusi MAP kabla ya kuangalia SCTP.

Huko chini Wireshark hutafuta alama mbili: kitambulisho cha mzigo (namba inayosema SCTP imebeba nini), ambacho kwa M3UA ni 3, na mlango (port) wa 2905. Kifaa kikituma sifuri na kutumia mlango wa kwake, programu haina pa kushika. Bofya paketi kwa kitufe cha kulia uilazimishe kuisoma kama M3UA. Tatizo hili ndilo rahisi kuliko yote.

Gumu zaidi ni viwango. Pointi kodi, yaani anwani ya kifaa kwenye SS7, ina biti 14 kwa kiwango cha kimataifa cha ITU, na 24 kwa kile cha ANSI cha Marekani. Kinachochanganya ni kwamba M3UA huitengea kila pointi kodi baiti nne, kwa hiyo hapo kila kitu kinaonekana sawa, halafu kosa linaibukia kwenye anwani za SCCP: ITU hutanguliza pointi kodi ndipo ije SSN (namba inayotaja huduma ndani ya kifaa), ANSI hufanya kinyume. Ukiona SSN za ajabu ajabu, fungua mipangilio ya MTP3 (tabaka la SS7 la pointi kodi) kwenye Wireshark uhakikishe umechagua ITU. Anayenakili mipangilio kutoka mwongozo wa Kimarekani hukwama hapa.

Kisha kuna mazungumzo yaliyonaswa katikati. TCAP hutaja aina ya huduma mwanzoni tu, kwenye Begin (ujumbe unaofungua mazungumzo) na jibu lake la kwanza. Ukianza kunasa baada ya hapo, Wireshark inabaki na SSN peke yake, na kama SSN hiyo si ya kawaida, utaona baiti tu. Iongeze kwenye orodha ya SSN za GSM MAP katika mipangilio ya Wireshark. MAP toleo la kwanza haitaji huduma hata kwenye Begin, kwa hiyo huko SSN ndiyo tegemeo pekee.

Bado hujui kama ujumbe wenyewe umo? Tafuta baiti AA 58 0D: ndivyo “*150” inavyoandikwa kwa herufi za biti saba zilizobanwa. Namba ya simu ya Tanzania inayoanza na 2557 huonekana kama 91 52 75: 91 huashiria namba ya kimataifa, kisha tarakimu hubadilishana nafasi mbili mbili. Ukizikuta, ujumbe upo, na shida iko kwenye usomaji.

Ukitaka tukusaidie, nasa kwenye kadi zote za mtandao zinazobeba SCTP. SCTP huweza kutumia njia zaidi ya moja, na aliyenasa kwenye kadi moja hutuletea maswali yasiyo na majibu. Kwenye tcpdump, programu ya kunasa trafiki, weka -s 0 paketi zisikatwe, na anza kunasa kabla ya kupiga namba ya majaribio. Tumia laini ya majaribio, si ya mteja: faili hizi zina IMSI (namba ya utambulisho wa laini), namba za simu, na pengine hata namba ya siri aliyoiandika mtu kwenye menyu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inakuhusu wewe na sisi pia, kwa hiyo faili lenye trafiki ya wateja halisi tutalirudisha bila kulifungua.