Januari sifuri: barua kwa somo yangu

Tanga, Jumapili, 22 Agosti 2021

Somo yangu,

Waama baada ya salamu, huku sote wazima. Kusi bado linavuma, na mama anauliza zile kanga ulizomwahidi Idi iliyopita zimefikia wapi.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Ya kwanza juujuu nikiwa kwenye daladala, ya pili nimetulia, maana umeandika habari za glibc 2.34, toleo jipya la ile maktaba ya C inayotumiwa na programu nyingi za Linux, kama mtu aliyejaliwa mapacha. Sikulaumu. Kuingiza libpthread, libdl na wenzao, maktaba ndogo zilizokaa kando, ndani ya libc yenyewe ni jambo ambalo musl, maktaba nyingine ya C, walianza nalo tangu siku ya kwanza, nami nilikuwa nikijiuliza hawa wakubwa wanangoja nini. Hutasahau tena -lpthread, ile ya kumwambia linka aiunganishe libpthread, ukakesha unasoma malalamiko ya linka. Hata ukiiandika kwa mazoea, wameacha libpthread.a tupu pale makusudi ili Makefile za zamani zisigome. Ila ukikompaili kwa 2.34 kisha ukaipeleka programu kwenye seva yenye glibc ya nyuma, itakataa kuwaka, itakwambia GLIBC_2.34 haipatikani. Endelea kukompaili kwenye mfumo mkongwe kuliko yote uliyo nayo, kama tulivyozoea.

Lakini kuna jambo kwenye tangazo lile umelipita kama hukuliona, na ndilo lililonikalisha kuandika. Wamesema kwamba sasa, kwenye mashine za biti 32, unaweza kupata time_t, aina ya namba inayotunza saa, ya biti 64 ukiomba kwa kuweka _TIME_BITS=64. Ukiomba, somo. Usipoomba unabaki na ileile. Musl walilifanya jambo hilo Februari 2020, toleo la 1.2.0, na hawakungoja kuombwa: kila kitakachokompailiwa upya kinapata biti 64, basi. Mimi toleo hilo lilinitoa jasho mwezi wa tatu mwaka huu, na bado nasema walifanya sawa.

Unamkumbuka mzee mwenye chumba cha baridi karibu na soko la samaki? Nilimfungia Raspberry Pi mbili, zile kompyuta ndogo. Kila dakika tano zinaandika joto na saa, na joto likipanda zinampelekea ujumbe kwenye simu. Chini kuna Raspberry Pi OS ya biti 32, ile ya Buster (Debian 10), na kazi yangu inakaa kwenye kontena, boksi la programu linalotumia kerneli ya mashine, la Alpine, Linux ndogo inayotumia musl. Ni skripti ya sheli tu, inaita date ya BusyBox, kifurushi cha amri ndogondogo, na kutuma mtandaoni kwa curl. Alpine niliichagua kwa wembamba wake, msingi wake ni kama megabaiti tano hivi, na pale tunaishi kwa bando.

Basi Alpine 3.13 ikatoka Januari, ikiwa na musl 1.2. Machi nikajenga kontena upya juu yake, nikalijaribu kwenye laptop, shwari. Nikalipeleka. Kesho yake alfajiri simu: "Mwanangu, hiki kidude chako kimelewa."

Nilipofika nikasoma kwenye kioo. Joto nyuzi 18 chini ya sifuri, sawa. Tarehe: Januari 0, mwaka 1900, dakika ya 100. Januari sifuri, somo! Na ujumbe wa simu haukutoka hata mmoja usiku kucha.

Mshukiwa nilikuwa naye tayari. Unajua Pi hizi hazina betri ya saa, umeme ukikatika zinaamka hazijui leo ni lini mpaka ziulize mtandaoni, na usiku ule umeme ulikatika kweli. Nikazima nikawasha. Nikabadili waya wa mtandao. Nikakaa kungoja saa ijirekebishe, mzee akaniletea chai, chai ikapoa, samaki wakapita na matoroli, tarehe ileile. Ndipo nikaandika date nje ya kontena: tarehe sahihi mpaka sekunde. Ndani ya kontena: Januari sifuri. Mashine moja, kerneli moja (kiini cha mfumo), saa mbili. Curl nayo ilikuwa inakataa cheti cha seva kwamba hakijaanza kutumika, na kwa akili ya mtu anayeishi mwaka 1900 ilikuwa haikosei.

Sasa sikiliza kilichokuwa kinatendeka. Ile time_t ya biti 32 inahesabu sekunde tangu mwanzo wa 1970, na haiwezi kupita 2,147,483,647. Sekunde hizo zinakwisha Jumanne, 19 Januari 2038; kwa saa zetu ni saa kumi na mbili na dakika 14 asubuhi, watu wako kwenye foleni ya vitumbua. Sekunde inayofuata hesabu inageuka hasi, mashine inaamini ni Desemba 1901, mwezi uleule reli ya kutoka Mombasa ilipofika ziwani. Kerneli ilijiandaa mapema. Linux 5.1, ya Mei 2019, ilifungua milango mipya ya kuulizia saa, clock_gettime64 na nduguze. Musl 1.2 inabisha mlango mpya kwanza. Ikikuta kerneli ya kale, kerneli inajibu ENOSYS, yaani "hapa hakuna kitu kama hicho", na musl inazunguka kimyakimya kwenye mlango wa zamani. Hapo hakuna ubaya wowote.

Ubaya uko kwa askari wa getini. Maombi ya kontena yanachujwa na seccomp kabla ya kuhudumiwa, na orodha ya wanaoruhusiwa inatengenezwa kwa maktaba ya libseccomp. Buster ina libseccomp 2.3.3, ambayo milango hiyo haijawahi hata kuisikia. Kwa hiyo mgeni akija, askari anapekua daftari lake la zamani, jina halimo. Angesema "huyo hakai hapa", mambo yangekwisha. Yeye anasema EPERM: "huruhusiwi." Na musl ikiambiwa hairuhusiwi haichungulii madirishani, inarudisha kosa kwa aliyeituma. Date ya BusyBox haikuwahi kufikiria kwamba mtu anaweza kunyimwa saa, ikachapa takataka ilizozikuta na kuziita tarehe.

Laptop yangu ni ya biti 64, time_t yake ni pana tangu zamani, milango hiyo mipya haiihitaji. Nilikuwa nimepima ugonjwa kwa mtu asiyeweza kuupata.

Dawa yenyewe ilikuwa fupi kuliko chai: libseccomp mpya kutoka backports, hazina ya Debian ya matoleo mapya kwa mfumo wa zamani, kuanzia 2.4.2 inatosha ilimradi na injini ya kontena isiwe ya kale, halafu kuwasha upya. Usiku nikafungua maelezo ya toleo la Alpine 3.13. Onyo lipo, limeandikwa, lina namba za matoleo na kila kitu. Nilikuwa sijalisoma.

Siku ile niliwatukana musl, nisiseme uongo. Kwani ingewagharimu nini kuichukulia EPERM kama ENOSYS? Wiki nzima nilishikilia hivyo. Kisha nikajiuliza, na siku mtu akikataza kwa makusudi? "Huruhusiwi" ni jibu lenye maana yake. Maktaba ikianza kubuni askari alitaka kusema nini, kesho hutajua tena lini umekatazwa na lini kitu hakipo, na askari mwenye daftari bovu atabaki getini miaka mingine kumi. Kwa kuwa musl walikaza, wenye geti ndio waliorekebisha: runc, programu inayoendesha kontena, toleo la rc93, la Februari mwaka huu, sasa inajibu ENOSYS kwa ombi lililozaliwa baada ya orodha kuandikwa.

Na kuna ufundi kwa hao musl ambao nataka uutazame mwenyewe kwenye msimbo, maana ni mdogo na unasomeka. Hawakubomoa jina la zamani. Ndani ya faili moja la libc kuna clock_gettime kwa programu zilizokompailiwa zamani, na __clock_gettime64 ambako faili za vichwa zinazipeleka programu mpya bila zenyewe kujua. Programu ya 2018 inaendelea kupata baiti nne ilizozoea, ya leo inapata nane. Panapouma ni ukichanganya: maktaba yako ya zamani inayopokea struct, fungu la data lililopangwa kwa mfuatano, yenye time_t ndani, ukaiunganisha na programu mpya. Huyu anahesabu nne, yule nane, kila kilichofuata kwenye struct kinasomwa mahali pasipo pake, na kompaila haisemi neno. Alpine waliliepuka kwa kukompaili hazina yao yote upya. Sisi wenye vipande vyetu vya pembeni tujiangalie.

Glibc nawaelewa. Mizigo waliyobeba ni ya miongo, wana programu za watu ambazo msimbo wake umeshapotea. Lakini kitu cha hiari, somo, nani atakiomba? Ile mita iliyofungwa ukutani? Kompresa ya mzee ilifungwa kabla mimi sijaanza darasa la kwanza na inanguruma mpaka leo. Hizi Pi zangu zikikaa nusu ya umri huo zitaiona 2038.

Kwa hiyo nina kazi kwako. Zile mashine za kupimia maji ulizozifunga mwaka juzi, ingia moja moja. Andika getconf LONG_BIT. Ikijibu 32, tazama libseccomp2 ni toleo gani kwa dpkg, kisha date nje ya kontena na date ndani. Nitumie majibu yote manne kama yalivyotoka, usinifupishie kwa "ziko sawa". Ijumaa nitakuwa na muda wa kuyapitia.

Na zile kanga, mama anasema rangi achague yeye.

Somo yako